Deni Lililoachwa Mezani

Kisauni, Mombasa

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako mguu umepungua kuvimba, na jana alikwenda sokoni Kongowea na kurudi peke yake akilalamikia bei ya nazi tu, kwa hiyo ujue amepona. Ule ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka. Nimeona nikujibu kwa kalamu kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Kijana wa jirani ataipiga picha karatasi hii akutumie.

Nirudie maneno yako nione kama nimeyaelewa. Jumamosi usiku, kwenye mkahawa unaohudumu huko Houston, iliingia familia ya watu sita wanaosema Kiswahili. Ukafurahi, ukawapa meza nzuri, ukawapelekea barafu na malimau bila kuombwa. Wakala, wakacheka, bili ikafika dola 187, wakalipa kamili, yule baba akakwambia "Ahsante sana dada, Mungu akubariki," wakaondoka. Hawakuacha hata senti. Nawe ukawafuata hadi kwenye maegesho ya magari na aproni kiunoni, ukawaambia kwa Kiswahili safi kwamba watu kama wao ndio wanaotuaibisha Waafrika. Yule mama akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo, wasema, popote unapogeuziwa ile skrini ya kuuliza bakshishi unabonyeza sufuri, maana na wewe umechoka.

Kuchoka nakuelewa. Kwa yule mama ulikosea, na nitakwambia kwa nini, lakini kwanza tupige hesabu. Mimi ni mtu wa mahoteli, hesabu za mezani ndizo nizijuazo.

Uliniambia mwajiri anakulipa dola 2.13 kwa saa. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasoma (mzee mstaafu ana kazi gani nyingine?) nikakuta ni kweli, na kiwango hicho hakijabadilika tangu 1991, wewe hujazaliwa. Kima cha chini cha Marekani nzima ni dola 7.25, nacho kimesimama hapo tangu 2009. Tofauti kati ya hizo mbili ni dola 5.12. Sheria inamruhusu mwajiri wako kuhesabu kwamba hizo 5.12 umeshazipata kwa wageni. Sasa itazame vizuri, mwanangu: katika kila saa unayosimama, dola tano na senti kumi na mbili za kwanza zinazoachwa mezani hazikuongezei kitu. Zinamlipia mwajiri deni lake. Bakshishi yako wewe inaanza baada ya hapo.

Kwa hiyo yule baba hakukunyima bakshishi. Aliondoka bila kumlipia mwenye mkahawa mshahara wa mfanyakazi wake, na hakuna aliyemwambia kwamba ameombwa kufanya hivyo. Kwenye orodha ya vyakula bei zilikuwa zimeandikwa, akazilipa zote. Huko alikotoka, mtu akiisha kulipa na kushukuru amemaliza. Ningekuwa mimi nimeshuka kwenye ndege jana ningefanya vilevile, na wewe mwaka wako wa kwanza huko ulifanya; ulinisimulia mwenyewe.

Najua utaniambia kuna la pili: kwamba mwisho wa zamu unatakiwa kumgawia mtu wa baa na wale wanaosafisha meza, na mgao huo unahesabiwa kwa mauzo, si kwa ulichopata, hivyo meza ya sufuri inakutoa pesa mfukoni. Hilo linauma kweli. Lakini nani aliyepanga mgao huo? Si yule mama aliyeinamisha kichwa.

Usidhani sisi ni watu tusiojua kutoa. Mtoto wa Kiswahili anakua akihesabu ada. Mwanafunzi akihitimu kwa fundi wake humpa kilemba. Bwana harusi hafiki chumbani bila kifungua mlango, na mama wa bibi harusi ana mkaja wake. Kila ada ina jina lake, wakati wake na mtu wake, na haiwi badala ya ujira. Hakuna fundi aliyeambiwa ajenge nyumba kwa kutegemea kilemba. Bakshishi nayo ilikuwa hivyo, kitu cha juu, cha furaha. Siku hizi hapa kwetu imechanganyika na "chai" mpaka hujui kama askari wa geti anaomba ahsante au anaomba rushwa, lakini hiyo ni barua nyingine.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kuwaambia watoto wangu.

Nilianza kazi ya uweita 1974 kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Jina lake liache. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini Wajerumani walikuwa wanakuja kwa ndege nzima nzima, na Mjerumani akikuzoea wiki mbili, siku ya kuondoka anakukunjia mkononi marki, fedha yao ya wakati huo. Kuna msimu nilipata kwa wiki moja kuliko mshahara wa miezi miwili. Ile nyumba unayoijua, mabati yake ni marki. Tulipokwenda kwa meneja kudai nyongeza alikuwa anatucheka: "Nyinyi mnachota marki huko nje, mnataka nini tena?" Alipenda sana kututajia methali ya mgeni njoo mwenyeji apone. Aliyekuwa akipona ni yeye.

Nyuma, jikoni na kwa dobi, walikuwako wenzetu ambao mgeni hawaoni. Kuna mzee mmoja aliyekuwa anaosha masufuria, mikono imebabuka kwa sabuni. Hakuna Mjerumani aliyewahi kuingia kule kumkunjia kitu. Watu wa nyuma walitaka tugome. Walikuja kwetu sisi weita mara ya kwanza na mara ya pili. Sisi tukazungusha maneno. Tulikuwa tunaogopa kuhamishwa meza. Anayepanga nani ahudumie ufukweni na nani ahudumie kule karibu na vyoo ni msimamizi, na kwa mtu wa bakshishi meza ndiyo shamba. Mgomo haukutokea. Yule mzee alistaafu na mikono yake, nami nilikwenda kumuaga nikiwa na marki mfukoni.

Kisha Agosti 1997 vurugu zikazuka Likoni, hapa Mombasa, na watalii wakakatika kama maji ya mfereji. Hoteli ikapunguza watu. Mhasibu alinikalisha kunihesabia kiinua mgongo cha miaka ishirini na mitatu, akahesabu mshahara wa kwenye karatasi. Marki hazikuwamo. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ilikuwa imefuata karatasi hiyohiyo. Zote zile nilizojiona nimepata, kwa serikali na kwa hoteli zilikuwa kama hazikuwahi kuwako. Mgongo wangu, mwanangu, uliinuliwa nusu.

Ndiyo sababu neno la kwanza ninalotaka ulishike ni hili: bakshishi zako ziandikishe. Sheria ya huko inakutaka umpe mwajiri taarifa ukipata dola 20 au zaidi kwa mwezi, na najua wenzako wanakwambia za taslimu zifiche. Hifadhi ya jamii ya Marekani inahesabu kilichoandikwa. Ukificha unajifanyia mwenyewe kile mhasibu wangu alichonifanyia. Tena mwaka 2025 wamepitisha sheria ya kupunguza kodi ya mapato kwenye bakshishi, mpaka dola 25,000 kwa mwaka, hadi 2028, na nafuu hiyo ni kwa zilizotangazwa tu. Uliniambia kazini walishangilia. Washangilie, si vibaya, lakini mwajiri hakuongezewa hata senti moja ya kulipa. Serikali imepunguza fungu lake, mgeni anaendelea kutoa lake, na ile 2.13 iko palepale.

Pili, nunua daftari. Andika kila zamu: saa ulizoingia, ulizotoka, ulichopata, ulichogawa. Tuseme umefanya saa 30 kwa wiki. Kwa 2.13 ni dola 63.90. Kwa 7.25 ingekuwa 217.50. Ikiwa bakshishi zilizobaki kwako hazikufika 153.60 wiki hiyo, anayepaswa kujazia ni mwajiri, si wewe kunyamaza. Wanaipima kwa wiki nzima ya kazi, ndiyo maana Jumatatu iliyokufa wanaifunika na Jumamosi iliyojaa, kwa hiyo usiende kudai kwa ajili ya usiku mmoja. Nenda na wiki. Na yule meneja uliyesema huchukua "kidogo" kwenye chungu cha pamoja: tangu 2018 sheria inamkataza mwajiri na wasimamizi kula bakshishi za wafanyakazi. Usimpigie kelele. Iandike, na tarehe.

Nilikuwa najiuliza walifikaje hapo, nchi tajiri kama hiyo. Nikakuta habari za reli. Baada ya vita vyao vya 1861 hadi 1865, watumwa walipoachwa huru, tajiri mmoja wa Chicago, George Pullman, aliwaajiri wengi wao wahudumie abiria kwenye mabehewa ya kulala. Aliwapa ujira mdogo akawaachia abiria wamalizie. Abiria waliwaita wote "George", jina la tajiri, kama mtumwa alivyokuwa akiitwa kwa jina la bwana wake. Mwaka 1925 wahudumu hao wakaunda chama chini ya A. Philip Randolph, na ilikuwa 1937 ndipo kampuni ilipotia saini mkataba nao. Miaka 12! Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikamkumbuka mwosha masufuria wetu. Wale wahudumu wa reli nao walikuwa na bakshishi za kuogopa kuzipoteza, lakini walisimama.

Na mwaka 1966, Marekani ilipoyaingiza mahoteli na mikahawa kwenye sheria ya kima cha chini, iliwaachia waajiri kimlango: wahesabu bakshishi kuwa sehemu ya mshahara, hadi nusu yake. Mwaka 1996 kima kikapandishwa, ile sehemu ya weita ikafungwa kwenye 2.13 isipande nacho. Yako majimbo yaliyokikataa kimlango hicho, ukiwa California, Washington, Oregon, Nevada, Montana, Minnesota au Alaska mwajiri anakulipa kima kamili na bakshishi inakuwa juu yake. Texas haimo. Sikwambii uhame, mwenyewe najua ndugu wote wako Houston. Nakwambia ujue kwamba jambo hili liliandikwa na watu, na kwingine limeandikwa vingine.

Sasa hizo skrini. Wasema zimeenea kama kunguru, hadi pale unapojichukulia maji mwenyewe kwenye jokofu unaulizwa asilimia 18, 20 au 25, na foleni iko mgongoni inakutazama. Hapo niko upande wako. Yule msichana wa kaunta kwa kawaida analipwa kima kamili na mwajiri, na mara nyingi si yeye aliyeiweka ile skrini. Bonyeza hapana, msalimie, chukua maji yako uende, usione haya. Lakini ukikaa kitini, mtu akakuletea sahani, usibonyeze sufuri. Unajua analipwa ngapi. Ukimnyima kwa kuukasirikia mpango, mwenye mkahawa hatalisikia kofi hilo. Litamwangukia mtu aliyevaa aproni kama yako. Na usitoe kwa hasira ukaacha senti za kumdhalilisha. Toa asilimia 15 au 20 yao, ikikushinda kula nyumbani. Ugali haujahama Houston.

Na wale wa jikoni kwenu? Hukuwataja hata mara moja katika dakika kumi na moja.

Kuna jambo nimezunguka nalo barua nzima. Kila mwisho wa mwezi unatutumia pesa. Dawa za mama yako, ada ya mdogo wako, na mwezi uliopita zile dola 40 ulizosema "mjomba anywe kahawa". Nimezinywa, Allah akulipe. Lakini usiku ule niliousikiliza ujumbe wako nilifahamu zimetoka wapi. Kuna mtu wa Texas nisiyemjua aliyeamua kuacha kitu mezani, na mguu wa mama yako ukapungua kuvimba. Hatuwezi kukaa huku tukamtukana anayetoa wala asiyetoa. Mimi nilijenga kwa marki, wewe unatujenga kwa dola, na wote wawili tumesimama kwenye meza ya mtu mwingine tukisubiri ainuke.

Yule mama wa maegesho, wasema unamuona msikitini siku za Ijumaa. Mtafute. Huna haja ya kumweleza sheria za Marekani, mwambie tu ulikuwa umechoka. Akikukaribisha chakula, nenda, na uoshe vyombo.

Hundi yako ya wiki jana, ile uliyosema ilikuja ya sufuri baada ya makato, nitumie karatasi yake. Piga picha pande zote mbili, na saa zionekane.

Mimi mjomba wako