Adabu ya Salamu Katika Simu

Wahenga walituachia msemo kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Simu hawakuijua, lau wangaliijua, huenda wangalituuliza nusu ya pili imebaki wapi. Salamu zetu tangu asili zimejengwa juu ya kuonana. Kabla kijana hajatamka "shikamoo", jicho lake limekwisha kupima mvi na mwendo wa anayemjia. Naye mkubwa, kabla ya kuitika "marahaba", amekwisha kuliona goti lililokunjwa au kofia iliyovuliwa. Simu hutunyang'anya jicho ikatuachia sikio peke yake.

Hapa Mpanda jambo hili lina uzito wa pekee, kwani mji wetu umekusanya watu wengi. Wakonongo, Wapimbwe na Wabende walikuwako. Tawi la reli kutoka Kaliua, lililofika mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba, likaleta watu wa makabila mbalimbali. Waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 wakapokewa Katumba na, tangu mwaka 1978, Mishamo. Wengi wao leo ni raia wenzetu. Wafugaji wa Kisukuma nao wakaja na ng'ombe wao. Kila mmoja alikuja na salamu yake. Msukuma husema "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" alasiri, na mzee wake haridhiki mpaka ajue wewe ni wa ukoo gani. Mrundi husema "mwaramutse" asubuhi na "mwiriwe" jioni. Ama "amahoro", yaani amani, hufaa saa yoyote.

Neno "halo" lilikuwa geni kwa wote hao. Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876, alipenda watu waitane "ahoy", mwito wa mabaharia. Thomas Edison, katika barua ya mwaka 1877, akapendekeza "hello", nalo ndilo lililoshinda. Hata hivyo mataifa hayakulipokea sawasawa. Mwitaliano hujibu "pronto", yaani tayari. Mjapani husema "moshi moshi", litokanalo na kitenzi cha kusema kwa unyenyekevu. Mjerumani aghalabu hutaja jina lake la ukoo. Sisi tulilipokea "halo" kama hodi ya mlangoni, na baada ya hodi tukaweka swali letu wenyewe: "Nani mwenzangu?"

Yafaa tulitafakari swali hili. Anayeuliza hajui kama anasema na mkubwa au mdogo, tajiri au maskini, Mpimbwe au Mha. Lakini amekwisha kumwita mwenziwe. Utu umetangulia cheo. Jina likishatajwa, ndipo kila mtu hushika mahali pake, huyu akaamkia, yule akaitikia. Tumewaona akina mama wa Kisukuma sokoni wakikunja goti huku simu i sikioni, ingawa mkwe wanayemsalimu yuko mbali na haoni kitu. Anayedhani goti hilo limepotea bure hajasikiliza vizuri, kwa maana mwili ukiinama na sauti huinama.

Siku hizi twasikia mzee akipiga simu kutoka kijijini, naye kijana wake mwenyewe akamjibu "Sema!" Wengine husingizia gharama ya maongezi. Lakini tuiangalie habari ya msiba. Kwa desturi zetu mjumbe wa msiba hukaribishwa kiti na kupewa maji kabla ya kuulizwa neno. Katika simu hakuna kiti wala maji. Salamu ndiyo ifanyayo kazi hiyo. Anayeuliza "Mmeamkaje? Uko na nani hapo? Umekaa?" humwandalia mwenziwe mahali pa kuangukia. Akiyaruka hayo kwa kuokoa shilingi chache, humwangusha mtu barabarani peke yake.

Tena salamu ni ulinzi. Matapeli wameieneza nchini kote ile habari fupi: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Haina jina wala salamu, wala haimtambui yeyote. Aliyelelewa kuuliza "Nani mwenzangu?" na kungoja jibu hanaswi kwa urahisi.

Kwa hiyo twawaomba walimu wasiiache simu nje ya somo la adabu. Mwanafunzi na afundishwe kwamba anayepiga ndiye abishaye hodi, basi ajitaje kwanza. Kwamba asiyejua umri wa mwenziwe atangulize shikamoo, kwa kuwa heshima si utumwa. Na kwamba kumsalimu bibi kizee wa Mishamo au Inyonga kwa lugha yake, japo neno moja, ni kumrudishia sehemu ya ile nusu iliyopotea. Kiswahili kitawaunganisha katika mazungumzo yote yafuatayo.