Barua Niliyoshindwa Kuisoma

Mwaka 1989 nilipata ufadhili wa kusomea elimu kwa mwaka mmoja jijini London. Wakati huo nilikuwa nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka kadhaa, na nilisafiri nikiamini kwamba nakijua kuliko watu wengi. Leo mimi ni mstaafu. Nawaandikia wapenzi wenzangu wa lugha ili nieleze jinsi imani hiyo ilivyonigharimu rafiki.

Bwenini tulikuwa Waswahili watatu, mkiniruhusu kulitumia neno hilo kwa upana. Mmoja alikuwa mwana wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyekuwa akisomea uhandisi wa meli. Tulimwita Nahodha kwa kuwa ndiye aliyeshika ramani. Wa pili alitoka Lubumbashi, naye alisomea ufamasia. Wa tatu nilikuwa mimi, mzaliwa wa Bukoba, niliyelelewa katika Kihaya na kukifahamu Kiswahili shuleni. Wao waliniita Mwalimu. Mlubumbashi akisema “batoto”, nilimsahihisha papo hapo. Nahodha akisema “mato” na “nti”, nilimkumbusha kuwa Kiswahili Sanifu ni “macho” na “nchi”. Mlubumbashi alicheka tu. Nahodha alinyamaza, ila siku moja aliniambia kwa upole: “Bwana Mwalimu, mkutano wa mwaka 1928 uliokichagua Kiunguja ulifanyika kwetu Mombasa. Tuliwakaribisha wageni, wakatuacha nje ya nyumba yetu wenyewe.”

Jumamosi zilikuwa zetu. Tulikata tiketi ya siku nzima, tukapanda basi jekundu na kukimbilia viti vya mbele vya ghorofa ya juu, tukautazama mji kama watoto waliopanda mwembe. Soko la Brixton lilitupatia bamia, mihogo na ndizi za kupika, na jioni bweni zima lilinukia nazi. Siku moja tulikwenda Greenwich. Tulisimama juu ya mstari wa longitudo sifuri, mguu mmoja mashariki na mwingine magharibi, kisha tukateremka katika njia ya waenda kwa miguu iliyochimbwa chini ya mto Thames na kufunguliwa mwaka 1902. Nahodha alipapasa vigae vyeupe vya ukutani huku maji yakipita juu ya vichwa vyetu. “Lau tungekuwa na kitu hiki Likoni,” alisema, “mama asingekuwa akiingoja feri juani.” Katika matembezi hayo ndipo urafiki wetu ulipokomaa, maana mgeni katika mji mkubwa humjua mwenziwe kwa kupotea naye.

Februari iliyofuata, mvua ilituzuia kwenda mbali. Niliwapeleka kwenye maktaba ya SOAS, nikitaka kuwaonyesha yaliyo yangu. Nilijua kwamba karatasi za William Taylor, mmisionari aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, zimehifadhiwa pale, na ndani yake mna mashairi ya Muyaka bin Haji, yaliyokusanywa kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua. Muyaka nilikuwa nimemfundisha darasani, tena kwa kujigamba.

Karatasi zilipowekwa mezani, nilikuta hati ya Kiarabu. Nilijua kuwa washairi wetu wa kale waliandika hivyo, na nilikuwa nimewaeleza wanafunzi jambo hilo mara nyingi. Lakini kulieleza jambo ni kitu kimoja na kuliona likikutazama ni kingine. Sikuweza kusoma hata herufi moja. Mwalimu wa Kiswahili nilikuwa bubu mbele ya Kiswahili.

Nahodha aliinama, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, bila kujikwaa. Hakuwahi kusomea fasihi. Alikuwa amepita chuoni kwa maalim tu, utotoni. Alinieleza kuwa katika uandishi wa zamani “p” iliweza kuandikwa kwa herufi ya “b”, na kwamba “simba” huenda ikaandikwa kama “siba”, msomaji akaachiwa kuijazia ile “m” mwenyewe. Hati ile humtaka msomaji awe analijua neno kabla ya kulisoma. Na maneno yaliyomwongoza ni yale yale, “mato” na “nti”, niliyokuwa nikiyapigia mstari mwekundu.

Alijitolea kunifundisha. Tulifika kwenye herufi ya kumi hivi, nikaacha kwa kisingizio cha mitihani. Ukweli ni kwamba niliona haya kuwa mwanafunzi wa mtu niliyezoea kumsahihisha.

Mwaka 1992, nikifundisha Korogwe, nilipokea barua yake. Anwani ilikuwa kwa herufi za Kilatini, lakini ndani yote ilikuwa hati ya Kiarabu. Niliuelewa utani wake. Korogwe hakukosekana mtu wa kunisomea. Mtoto yeyote wa madrasa angejaribu. Lakini ningewezaje mimi, mwalimu wa Kiswahili, kumwomba mtoto anisomee barua ya Kiswahili? Niliitia sandukuni, nikajiambia nitajifunza likizo ijayo. Barua nyingine haikuja. Mwaka 2011 Mlubumbashi, aliyekuwa amehamia Brussels, alinipa habari kwamba Nahodha amefariki.

Nilipostaafu nilikwenda kwa maalim wa jirani, nikaketi mkekani pamoja na watoto wa miaka saba. Ilinichukua zaidi ya mwaka. Kisha nilifungua sanduku, nikaisoma barua kwa kidole, silabi kwa silabi. Ilikuwa na habari za kawaida: amepata kazi bandarini, mama yake hajambo. Halafu aliandika kwamba Jumamosi ya mwisho ya Desemba atakuwa Tanga kwenye arusi ya mpwa wake. Nifike kituo cha mabasi. “Nitakungoja hadi alasiri.” Kutoka Korogwe hadi Tanga ni safari ya saa chache tu kwa basi.

Sijui alirudi arusini akiwa na mawazo gani juu yangu. Najua tu kwamba nilitumia miaka mingi kuwafundisha vijana namna ya kusema kwa usahihi, na sikujifunza mapema namna ya kuuliza. Enyi wasomaji, wengi wenu mna barua za babu na bibi katika masanduku, zilizoandikwa kwa hati ile. Tafuteni mtu awafunze kuzisoma wakati wenye kujua wangali hai, na msione haya akiwa mdogo kwenu.

Nahodha alipenda kufunga mazungumzo kwa ubeti. Huu ni wangu kwake, nilioutunga kwanza kwa hati aliyoanza kunifundisha:

Barua niliifunga, ikakaa sandukuni,
Kwa kiburi nikatunga, visingizio moyoni,
Nahodha kashusha tanga, anitazama njiani,
Herufi nimeziunga, mwandishi yu kaburini.