Mita 300 Katika Milima ya Uluguru

Ndugu msomaji, kama wewe ni mkazi wa Dar es Salaam na umejaliwa siku mbili za mapumziko, huna haja ya kusafiri mbali ili uione milima. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hukufikisha Morogoro kwa muda wa saa mbili hivi, na ukishuka tu utaiona Uluguru imesimama mbele yako, vilele vyake vimejifunga kilemba cha ukungu. Huenda hujapata kufika huko, lakini maji yake unayajua. Mto Ruvu huanzia katika milima hiyo, na sehemu kubwa ya maji ya mabombani Dar es Salaam hutoka Ruvu.

Sisi hatukwenda kutembea tu. Tulikwenda kutafuta kaburi.

Mama yangu ni Mluguru wa upande wa Matombo. Bibi yake, mzaa mama yake, alizikwa juu ya kijiji, mahali palipokuwa na nyumba chache ambazo wenyewe walizihama zamani wakashuka karibu na barabara. Mama aliondoka huko akiwa msichana. Alichokumbuka ni kijito, jiwe kubwa lenye mgongo kama wa ng'ombe, na mteremko. Nenda Matombo, ndugu msomaji, uhesabu vijito na mawe na miteremko! Lakini Mjomba, kaka yake Mama, ambaye ujanani aliwahi kuwabebea wapima ardhi minyororo na nguzo zao, aliacha daftari. Ndani yake mlikuwa na ramani ya karatasi iliyokunjwa, na katika ukurasa mmoja aliandika tarakimu sita na maneno mawili: "Kaburi. Jiwe." Mjomba ameshatangulia mbele ya haki. Mama naye magoti yalikuwa yakimwambia kwamba kama si mwaka huu, basi tena.

Kabla sijakupandisha mlimani, sharti nikurudishe kwanza nyumbani kwetu, majuma mawili kabla ya safari, maana kosa letu lilizaliwa mezani.

Binti yangu, ambaye yuko chuoni, alishauri tuchukue kipokezi cha GPS, kile chombo cha mkononi kinachopokea ishara za setilaiti. Niliuliza kama simu haitoshi. Alinijibu kwamba simu ingeweza, lakini huko hatutakuwa na mahali pa kuichaji, nayo haipendi mvua. Kipokezi hutumia betri mbili ndogo kama za redio na hudumu siku nzima ya matembezi. Tukanunua kilichotumika. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wengi wetu hatulijui: kipokezi chenyewe hakiijui ardhi. Setilaiti zinazozunguka umbali wa kilomita 20,200 juu yetu humpa mtu tarakimu za mahali aliposimama, basi. Mito, njia na vilima ni kazi ya ramani, na ramani hiyo lazima utafute wewe. Tena viko vipokezi, kama vile vya manjano vya mwaka 2000 vya Garmin, ambavyo havipokei ramani yoyote hata ukivibembeleza. Ukienda kununua, uliza kwanza kama kuna tundu la kadi ya kumbukumbu.

Chetu kilikuwa nalo. Nami, kwa haraka ya mtu asiyejua, nikanunua kwa mchuuzi mmoja kadi iliyoandikwa kwamba ina ramani za Afrika nzima. Nililipa fedha ambazo zingetulisha nyumba yetu juma zima. Tulipoitia, kipokezi kiliandika kwamba ramani hizo hazikuruhusiwa kwake. Kumbe ramani nyingi za kuuzwa hufungwa kwa kufuli la siri kwa chombo kimoja tu, na ile yetu ilikuwa imenakiliwa kutoka katika chombo cha mtu mwingine. Mchuuzi sikumwona tena pale alipokuwa akikaa.

Binti yangu hakunicheka, jambo ambalo namshukuru. Alichukua ramani za bure za OpenStreetMap, kazi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo watu wa kujitolea duniani kote huichora kidogo kidogo. Hata hapo haitoshi kuchukua ramani yoyote uionayo. Vipokezi vya Garmin husoma ramani za aina yake, ambazo majina ya faili zake huishia na herufi img. Picha ya ramani uliyoipiga kwa simu havitaitambua kuwa ramani. Faili huwekwa katika folda iitwayo Garmin ndani ya kadi, na vipokezi vya zamani hutambua jina moja tu, gmapsupp.img, ukiipa jina la mwanao kwa mapenzi, chombo kitakaa kimya. Halafu kuna suala la matumizi. Ramani ya dereva hujaa barabara na haina habari na mwinuko. Mpanda mlima anahitaji mistari ya kontua, ile inayomwonyesha wapi ardhi imeinuka na wapi imechimbika. Kontua za ramani hizi za bure kwa kawaida zimetokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari mwaka 2000, katika safari ya siku 11. Si mbaya hata kidogo, ila penye msitu mnene rada huona vichwa vya miti kuliko udongo.

Tulipofungua ramani ile kwenye kioo kidogo, mitaa ya Dar es Salaam ilionekana hadi vichochoro, kwa sababu tangu mwaka 2015 wanafunzi na wakazi wa kata zenye mafuriko waliichora katika mradi wa Ramani Huria. Tukasogea hadi Matombo. Tuliona barabara, mto, kontua, na weupe mtupu. Huko wachoraji walikuwa hawajafika. Hivyo basi, tegemeo letu likabaki lile karatasi la Mjomba la kipimo cha 1:50,000. Binti yangu akazikamilisha tarakimu sita kwa kusoma pambizo za ramani, akaziingiza katika kipokezi, na alama ndogo ya bendera ikatokea mlimani. Mama aliitazama bendera ile kwa muda mrefu.

Sasa twende. Kutoka Morogoro mjini barabara hupita Bigwa na Mkuyuni, ikiuzunguka mlima kuelekea mashariki. Upande huu ndio unaoupokea upepo wa Bahari ya Hindi, ndiyo maana mvua zake ni nyingi na kijani chake hakina mwisho. Migomba imepandwa hadi mahali ambapo hungedhani mtu anaweza kusimama. Utanusa mdalasini kabla hujauona. Tulilala kwa jamaa, na alfajiri tukapanda, Mama akiwa na fimbo mkononi na kijana mmoja wa nyumba ile akimshika mkono penye utelezi.

Ukungu ulishuka tulipokuwa katikati. Hatukuona mbele zaidi ya migomba kumi, lakini bendera ilizidi kukaribia: mita 200, mita 80, mita 15. Tukafika. Hapakuwa na jiwe. Palikuwa na shamba la iliki lililopaliliwa vizuri. Binti yangu alisema kwamba chombo huweza kukosea mita chache, basi tukaanza kuzunguka, tukifunua majani kwa fimbo. Mama alisimama kando akasema kwa sauti ndogo, "Hapa sipajui."

Mzee mmoja alitokea na panga lake la palizi. Tulimwamkia, naye akaitikia, lakini macho yake hayakutoka kwenye kile chombo. "Mnapima nini katika shamba langu?" aliuliza.

Naomba ulifikirie swali hilo, ndugu msomaji, usiliite ukorofi. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na kila kitalu kina ukoo wake na historia yake. Siku hizi, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, watu hupimiwa na kupewa hatimiliki za kimila. Mgeni anayesimama katikati ya shamba lako na kipimo mkononi, akidai kwamba bibi yake amezikwa hapo, anadai kitu kikubwa kuliko kaburi. Nilijaribu kueleza kuhusu setilaiti, nikaona ninazidi kuharibu. Mama ndiye aliyetuokoa. Alitaja jina la bibi yake, kisha jina la ukoo. Mzee akateremsha panga. "Hao hawakukaa upande huu," alisema, akaonyesha kusini, ndani ya ukungu. "Hao ni ng'ambo ya kijito."

Binti yangu aliketi chini, akakunjua karatasi la Mjomba, akasoma maandishi madogo ya chini kabisa ambayo mezani tuliyapita. Kisha akaguna.

Nitakueleza alivyonieleza. Dunia si mviringo kamili, imebonyea kidogo, na wapimaji wa kila zama huchagua umbo wanaloliona linafaa na mahali pa kulifungia. Mpango huo huitwa datumu. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa datumu iitwayo Arc 1960, yenye asili katika mstari mrefu wa upimaji uliofuata longitudo ya nyuzi 30 Mashariki, kusini hadi kaskazini mwa Afrika. Setilaiti hutumia nyingine, WGS 84. Mahali ni palepale, lakini tarakimu zake ni tofauti. Ukisoma tarakimu katika karatasi la zamani, ukazitia katika kipokezi kilichowekwa WGS 84, katika nchi yetu utapelekwa karibu mita 300 kaskazini ya mahali unapopataka, na kidogo magharibi. Juu ya karatasi la 1:50,000 huo ni upana wa milimita sita. Mlimani ni bonde zima, kijito, na shamba la mtu mwingine.

Akabadili mpangilio wa chombo kuwa Arc 1960, jina ambalo limo katika orodha yake. Bendera haikusogea! Nilidhani chombo kimeharibika. Kumbe alama iliyokwisha kuhifadhiwa haihami. Chombo huibadilishia tarakimu tu, nayo hubaki palepale ilipokosewa. Ilibidi aifute, aziingize upya tarakimu za Mjomba chini ya mpangilio mpya. Sasa bendera ikaruka ng'ambo, upande uleule aliokuwa ameonyesha mzee.

Mzee alituongoza yeye mwenyewe. Kuvuka bonde lile kulituchukua karibu saa nzima kwa mwendo wa Mama, na mara mbili aliomba tupumzike. Jiwe tulilikuta limefunikwa na mizabibu pori, mgongo wake kama wa ng'ombe kweli. Kijana alifyeka polepole. Mama aliuweka mkono juu ya jiwe, akaanza kuzungumza Kiluguru na bibi yake, maneno ambayo mengine sikuyajua, na mzee wa iliki akavua kofia.

Kabla ya kushuka, binti yangu alipima upya mahali pale. Akalifungua daftari, na chini ya tarakimu za Mjomba akaandika zile mpya kwa kalamu ya wino. Kando ya zake aliandika WGS 84. Kando ya zile za Mjomba akaandika Arc 1960, jambo ambalo yeye Mjomba hakuwa na sababu ya kulifanya, maana siku zake hapakuwa na datumu ya pili ya kuichanganya nayo.