Katika Msitu wa Kaya Kinondo

Msafiri avukaye kivuko cha Likoni na kushika barabara ya kusini hufika Diani, katika nchi ya Kwale, mahali penye hoteli nyingi ufuoni. Akiendelea mbele kidogo huona msitu mnene karibu na bahari. Huo ndio msitu wa Kaya Kinondo, ulio mtakatifu kwa Wadigo. Ukubwa wake ni hekta 30 tu.

Zamani kaya zilikuwa miji ya Wamijikenda, iliyozungushiwa msitu ili adui asiingie kwa urahisi. Watu walihama kidogo kidogo wakaenda kulima nje, hata ilipofika miaka ya 1940 kaya zilikuwa hazikaliwi tena. Lakini makaburi ya wazee yalibaki, na maombi yalibaki.

Mgeni haingii hivi hivi. Huvua kofia, hujifunga nguo nyeusi kiunoni, kisha humfuata kiongozi. Ndani mizizi imeyakumbatia mawe ya matumbawe, na mbega hurukaruka juu ya miti. Sharti kubwa ni moja: usitoe kitu. Si jani, si jiwe, wala kijiti kilichoanguka chenyewe.

Huenda msomaji akauliza: Kwa nini kukataza kijiti kikavu, na huku mama ana chungu kisicho na kuni? Swali hilo ni la haki. Lakini kijiti kimoja cha kila mtu kijijini, siku baada ya siku, ni msitu mzima. Tena wazee hawakukataza msitu usitumike, kwani dawa huchukuliwa humo kwa idhini yao. Walichokataza ni mtu kujitwalia.

Kuanzia mwaka 1992 Serikali ilizitia kaya nyingi katika ulinzi wa sheria, na mwaka 2008 UNESCO iliiandika Kinondo na kaya nyingine kuwa urithi wa dunia. Hayo ni mema. Walakini sheria ina macho machache, na vijana wengi siku hizi hawaogopi mizimu. Hofu ikiondoka, hapana budi heshima ishike mahali pake, maana hata mtoto asiyezaliwa bado ana fungu lake katika kivuli hiki.

Nilipokuwa nikitoka niliona jani moja limenasa katika kiatu changu. Nikalitoa, nikalirudisha chini ya miti. Hapakuwa na mtu aliyenitazama.