Kabla ya kupiga picha, salimia

Ndugu wazazi na vijana, wengi mnaniuliza picha za gazeti letu nazipataje. Zingine nazipiga nikienda soko la Mpondwe, pale Bwera, siku ya Jumanne ao Ijumaa. Watu wanavuka toka Kasindi, upande wa Congo, na mizigo kichwani. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule wanasikilizana lugha, kwa hiyo salamu haisumbui. Nanunua kitu kidogo, tunaongea, ndipo naomba picha.

Wapo wanaokataa. Mama mmoja muuza samaki aliniambia: "Mwanangu, kuna watu kule sitaki wajue niko hapa." Nikarudisha simu mfukoni, tukaendelea na bei ya samaki. Siku hizi picha inafika Beni kabla wewe hujafika Kasese mjini! Wale wanaopiga kupitia dirisha la gari, wanamuliza nani?

Lakini tusiiogope picha yenyewe. Baada ya 1994, kule Goma, watoto wa Rwanda waliopotezana na wazazi walipigwa picha ili ndugu zao wawatambue.

Aliyekubali, namsafishia yake studio Kasese na kumpelekea. Inakula pesa, ndiyo. Baba mmoja mshona viatu alikimbia bila picha hata moja ya nyumbani. Yake ameifunga kwenye nailoni pamoja na kadi ya mgawo. Alisema wajukuu wakizaliwa wataona sura yake. Kisha akaniuliza kama naweza kumpiga tena, safari hii na mkewe.