Ugomvi wa Valvu na Transista, na Redio Iliyonyamaza

Ndugu msomaji, kisa ninachokusimulia hapa si cha kunijengea sifa. Nimekiandika kwa sababu najua kwamba katika nyumba nyingi za askari, walio kazini na waliostaafu, hakosekani mtu apendaye kufungua mitambo. Na palipo na wapenzi wawili wa mitambo, ubishi nao haukosekani.

Nyumba ya mama yangu iko Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, ambao barabara zake zimepangwa kwa namba na ambao tangu zamani ni makao ya mafundi wa kila namna. Sebuleni mwake, juu ya kabati, pana redio ya Philips aliyoinunua marehemu baba mwaka 1961, wakati mji huu ulipokuwa ukiitwa bado Usumbura. Sanduku lake ni la mbao, uso wake umefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa hicho pana jicho la kijani ambalo mwanga wake hukaza stesheni inaponaswa barabara. Kwa redio hiyo baba alisikiliza Dar es Salaam, Brazzaville, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza mwaka 1957. Ndani yake hamna transista hata moja. Ina valvu, zile chupa za kioo ambazo sisi tuliojifunza ufundi kwa Kifaransa tulizoea kuziita lampi.

Miaka michache iliyopita, wakati wa masika, redio hiyo ilitoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Mafundi wa ukoo ni wawili. Mimi nilistaafu nikiwa fundi wa redio katika polisi. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mtu wa mawasiliano jeshini. Tuliifungua pamoja, na juu ya ugonjwa wenyewe hatukubishana. Kapasita moja iliyozeeka ilikuwa ikivujisha umeme na kuupeleka kwenye gridi ya valvu ya mwisho, EL84, ambayo ndiyo iliyosukuma sauti kwenye spika. Valvu ikapitisha mkondo kupita kiasi, na transfoma ya spika ikaungua. Tulilobishania ni dawa.

Mimi nilisema tuondoe sehemu yote ya kukuza sauti, tuweke mahali pake kibao kidogo cha transista. Nilikuwa na hoja zangu. Valvu haifanyi kazi mpaka utepe wake uwake moto ndipo ielekroni ziruke katika ombwe; kwa hiyo redio nzima hula umeme mwingi na kutoa joto hata inaponong'ona. Huhitaji volti zipatazo 250, ambazo zaweza kumwua mtu. Transista, iliyovumbuliwa katika maabara za Bell huko Marekani mwezi Desemba 1947, hufanya kazi hiyo kwa betri ya gari ya volti 12.

Shemeji aliweka bisibisi chini. Akasema, "Ukiweka transista, sanduku litabaki la marehemu, lakini sauti haitakuwa yake." Kwa masikio yake, valvu ina sauti nene, yenye joto na ubinadamu, na transista ina sauti kavu ya bati.

Laiti tungeishia hapo! Kila mmoja wetu alikwenda kutafuta silaha. Yeye alikuja na makala ya Russell Hamm, iliyotolewa mwezi Mei 1973 katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti cha Marekani, ikionyesha kwamba valvu na transista huharibu sauti kwa namna mbili tofauti. Mimi nikamjibu kwa ripoti ya James Moir katika jarida la Wireless World la Uingereza la mwaka 1978: wasikilizaji walichezewa amplifaya tatu za Quad, moja ya valvu na mbili za transista, bila kuambiwa ipi ni ipi, wakashindwa kuzitenganisha. Naye akaniletea habari ya ndege ya MiG-25 ambayo rubani Viktor Belenko alitoroka nayo kutoka Urusi ya Kisovieti na kutua Hakodate, Japani, tarehe 6 Septemba 1976. Wataalamu walipoifungua walikuta valvu ndani yake, na baadhi yao waliocheka kwanza walikuja kutambua kwamba valvu zina uvumilivu wake. Nikamwambia kwamba rada ya ndege ya vita si redio ya bibi kizee. Neno hilo lilimchoma. Aliaga, na kwa miezi mitatu hakuja Buyenzi, wala dada hakuja.

Miezi mitatu hiyo redio ilikuwa mezani, tumbo wazi. Msomaji atauliza kwa nini mmoja wetu hakumnunulia mama hata redio ndogo ya mkononi. Nimejiuliza swali hilo mara nyingi. Kwangu, kila juma lilikuwa juma la kuimaliza kazi. Kwa shemeji, nadhani, kuleta redio ya transista katika nyumba ile kungekuwa kukiri kushindwa. Akili nyingi, walisema wahenga, huondoa maarifa.

Kisha, Ijumaa moja, mgeni kutoka Rumonge alipita kumsalimu mama, akamkuta akicheka na wajukuu. Akashangaa. Rafiki wa mama, waliyecheza naye utotoni na kuolewa naye mwaka mmoja, alikuwa amefariki juma lililotangulia, na tangazo lilisomwa redioni mara mbili. Watoto wa marehemu hawakuwa na namba ya simu ya mama. Walijua kwamba yeye hapitwi na matangazo ya vifo. Matanga yalikuwa yameanuliwa.

Mama hakulia mbele ya mgeni. Jioni alituita sote wawili, na shemeji, kwa heshima ya mkwe, hakuweza kukataa. Alisema maneno machache: "Wanangu, ninyi mnagombea sauti. Mimi sina redio." Kisha akatupa siku saba: tufanye jaribio mbele yake, yeye awe mwamuzi, na baada ya hapo lisisikike tena neno.

Shemeji alipata transfoma katika redio kongwe iliyovunjwa, akabadilisha kapasita zote zilizozeeka, akaweka EL84 mpya. Maana valvu hizo zingali zikitengenezwa, nchini Slovakia na kwingineko. Mimi nilitengeneza kibao cha transista chenye nguvu zilizokaribiana na zake, wati nne au tano. Tulifunga swichi ili amplifaya zote mbili zitumie spika ileile, katika sanduku lilelile la mbao. Na ile ya valvu, ilipokuwa haijaunganishwa na spika, tuliipa rezista ya kubeba mzigo, kwa kuwa transfoma yake yaweza kuharibika ikifanya kazi mikono mitupu. Mjukuu alikaa nyuma ya kitenge akigeuza swichi na kuandika. Tulitumia muziki uliorekodiwa vizuri, kwa sababu matangazo ya masafa mafupi, ambayo stesheni zake hupangwa kwa nafasi ya kilohezi 5 tu, hupunguza sana sauti nyembamba hata kabla hazijafika kwenye amplifaya.

Mara ya kwanza shemeji alitambua valvu mara tisa katika kumi, na mama naye akasema ndiyo nzuri. Nilitahayari. Lakini nilipopima umeme kwenye spika niliona kwamba valvu ilikuwa na sauti kubwa zaidi, kwa kiasi kidogo ambacho sikio haliwezi kusema, "Hii ni kubwa," bali husema, "Hii ni nzuri." Tulizisawazisha kwa mita, tukarudia. Shemeji akapata tano katika kumi. Mimi nikapata sita. Mama alisema haoni tofauti, akaomba chai.

Ningeweza kushangilia, lakini shemeji aliomba jambo moja: tuongeze sauti zote mbili mpaka zizidiwe. Tukafanya hivyo, na hapo mambo yakageuka. Yeye alipata zote kumi, mimi tisa. Transista yangu ilipofika ukomo wa nguvu zake ilikata vilele vya mawimbi ya sauti ghafla, kama kwa shoka, ikakwaruza masikio. Valvu ilivipinda polepole. Valvu moja peke yake ikizidiwa huongeza sauti yenye mitetemo mara mbili ya ile ya asili, ambayo katika muziki ni noti ileile kwa daraja la juu. Kwa hiyo sikio huiona kama unene, wala si kelele. Basi Hamm alisema kweli juu ya mtambo uliozidiwa, na Moir alisema kweli juu ya mtambo usiozidiwa. Sisi tulikuwa tumegombana miezi mitatu kwa kweli mbili zisizopingana.

La mwisho lilitufundisha zaidi. Tuliitoa spika katika sanduku, tukaiweka mezani uchi. Mara ile sauti nene ya marehemu ikatoweka, valvu ikasikika kama bati, na transista vivyo hivyo. Tukatazamana. Katika ujana wetu transista ziliingia mitaani zikiwa ndani ya redio ndogo za plastiki, zenye spika za ukubwa wa kiganja. Tuliposema valvu ina sauti nzuri, mara nyingi tulikuwa tukilinganisha sanduku kubwa la mbao na kijisanduku cha plastiki, na sifa ya seremala tukampa fundi wa umeme.

Uamuzi wa mama ulikuwa rahisi. Redio ya baba ibaki na valvu zake, kwa kuwa imekwisha kupona na hakuna haja ya kumpasua mgonjwa aliyepona. Lakini umeme ukikatika, valvu hunyamaza. Kwa hiyo kibao changu kiunganishwe na redio ndogo ya betri, kiwekwe kando ya kitanda chake, ili matangazo yasimpite tena. Sanduku la redio hiyo ya pili alilitengeneza shemeji, kwa mbao nzito, naye ndiye aliyelehemu waya za transista. Mimi nilikuwa nikimshikia taa.

Ndugu msomaji, kama unayo redio ya namna hii nyumbani, usiwaruhusu watoto kuifungua. Hata ikiwa imechomolewa ukutani, kapasita zake kubwa zaweza kuweka umeme wa kuua kwa muda. Fundi huumwaga kwanza kwa rezista, hupima kwa mita kuhakikisha, na mkono mmoja huuweka mfukoni. Na kama kapasita za karatasi hazijabadilishwa kwa miaka mingi, usiiwashe kabla fundi hajazikagua, maana moja tu yaweza kuunguza transfoma, kama iliyotukuta.

Lakini neno nililotaka hasa kuwaambia wenzangu wapenzi wa mitambo ni hili. Ubishi wa ufundi ni jambo jema, na bila huo mtambo usingeendelea. Bisheni, pimeni, sawazisheni sauti kabla ya kusikiliza, fungeni kitenge. Ila kabla hamjaanza, mpeni mwenye redio kitu cha kusikiliza. Mama alisafiri hadi Rumonge kusoma fatiha kaburini, nasi wawili tulimpeleka. Njia nzima, kando ya ziwa, hakuna aliyetaja valvu wala transista.