Tairi limeliwa, dereva analipishwa

Wadau, ukipita barabara ya Bagamoyo kuanzia Tegeta hadi Bunju utakutana na malori ya kila aina: ya saruji kutoka Wazo, ya mchanga, ya kokoto. Hebu angalieni tairi zao za mbele. Utaona nyingine zimeliwa upande mmoja hadi kipara, upande wa pili bado una meno kama jipya. Hapo wa kwanza kulaumiwa ni dereva. Tajiri atasema anafunga breki vibaya, na wapo wanaokata fedha ya tairi kwenye mshahara.

Juzi nilikuwa Bunju kufuatilia bei ya mchanga (hiyo nitaiandika), nikaishia gereji moja ya chini ya mwembe, tipa likipimwa alaimenti. Dereva alikuwa mnyonge kweli.

"Fundi, tajiri anasema tairi nimelimaliza mimi."

"Subiri suka, tupime kwanza."

Kompyuta hakuna pale. Fundi alipitisha kiganja juu ya tairi: kutoka nje kwenda ndani laini, kurudi nje kama msumeno. Akaguna. Akajaza upepo sawa pande zote, akainua ekseli ya mbele kwa jeki na kutikisa magurudumu kuona kama kingpini na beringi zina mchezo. Wengi huruka hatua hii, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote, maana kingpini ikilegea kipimo chote ni cha uongo.

Kisha akazungusha kila tairi huku amegusisha msumari uliopigiliwa kwenye ubao, ukachora mstari mwembamba kulizunguka lote. Lori likashushwa, likasogezwa mbele kidogo, usukani umenyooka. Akapima kwa futi kutoka mstari hadi mstari, mbele ya ekseli na nyuma yake, usawa wa kitovu cha gurudumu.

Kwa malori mengi, umbali wa mbele hutakiwa upungue ule wa nyuma kwa milimita chache tu, kama 0 hadi 3. Hapa ulipungua kwa 12! Nikapiga hesabu kwenye daftari langu. Kila tairi limepinda milimita 6 katika kipenyo cha karibu mita 1. Maana yake kila kilomita 1 linaburuzwa kiubavu karibu mita 6, na mzigo wote wa mchanga juu yake. Dereva gani atalitunza hilo?

Ikabainika kwamba tairodi ilibadilishwa miezi miwili nyuma, ikafungwa kwa macho ili kuokoa gharama. Aliyeokoa ni tajiri.

Kurekebisha hakukuchukua muda. Bolti za kubana zililegezwa, rodi ikazungushwa. Ncha moja ina nyuzi za kulia na nyingine za kushoto, kwa hiyo ukizungusha inarefuka au inafupika. Hii ilifupishwa, ikapimwa tena mara mbili. (Na usukani ukivuta kushoto kidogo msikimbilie kulaumu alaimenti. Barabara zetu zimeinamishwa upande huo ili maji yatoke.)

Dereva akaomba aandikiwe. Fundi akachana kipande cha boksi: kabla 12, baada 2, tarehe, sahihi. Dereva akakikunja na kukitia pamoja na leseni yake.